Kidole cha Mama Faida na Maktaba ya Kuazima

Mimi ni mtu wa kushuku, na ninyi mliobaki kule juu kwenye chumba chetu cha Mbarara mnalijua hilo kuliko mke wangu. Mmenicheka miaka mingi kwa sababu sikuamini kifaa kipya mpaka nikifungue, wala sikumwamini mtu aliyeniambia "nimeshajaribu, inafanya kazi" mpaka niione ikifanya mbele ya macho yangu. Sasa nimestaafu, hamnisikii tena nikinung'unika nyuma ya migongo yenu, basi someni. Habari za vyeo na mishahara hamtazipata humu. Vyeo vilikuwa viwili, na cha pili nilipewa ili niache kulalamika juu ya cha kwanza.

Niliingia chumba kile nikitokea kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na diploma ya elektroniki ya Bukavu ambayo hakuna aliyeiomba. Chini walikuwa wanauza misumari na rangi, kama mpaka leo, na harufu ya rangi ilipanda na ngazi pamoja na wateja. Aliyenipokea ni Mzee Rwabu, Munyankore mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye kompyuta alijifunzia jeshini na Kiswahili chake pia alikitoa hukohuko. Alinionyesha kiti. "Wewe Mukongo, kaa hapa. Usiguse kitu. Angalia tu." Nikakaa siku tatu nikiangalia. Nilidhani ananidharau, nikaanza kuhesabu vitu vilivyokuwa mezani ili kikipotea kimoja nisisingiziwe.

Siku ya nne akaniambia niandike programu ndogo ya kupanga majina kwa alfabeti. Nikaiandika, ikafanya kazi vizuri, nikajisikia. Yeye akainakili kwenye flashi, akaipeleka kwenye kompyuta ya pili iliyokuwa karibu na dirisha, akaiwasha. Ikagoma. Ikatoa mstari mmoja ikisema kuna kitu inakitafuta na haikioni.

"Unaona?" akasema. "Yako ilikuwa inaazima kwa nyumba ya mwenzake. Hapa huyo mwenzake hayuko."

Hilo ndilo somo langu la kwanza la maktaba, na kwa yule kati yenu aliyeanza juzi, nalieleza polepole. Hakuna mtu anayeandika programu yote kwa mkono wake. Kusoma picha, kupanga majina, kulinganisha alama, kazi hizo zimeshaandikwa na watu wengine na kufungwa pamoja katika mafungu tunayoyaita maktaba. Programu yako ikitaka kazi hizo, kuna njia mbili za kuiunganisha nazo. Njia ya kwanza, siku unayoijenga unachukua kutoka kwenye maktaba kile unachokihitaji na kukishonea ndani ya programu, kikawa mwili mmoja nayo. Popote itakapokwenda, inakwenda nacho. Watu wa vitabu wanaiita maktaba ya statiki, sisi tuliiita ya kubeba. Njia ya pili, unaiandikia programu jina tu la maktaba. Kila inapowashwa, inaitafuta maktaba hiyo kwenye kompyuta iliyomo, fasi moja inayojulikana, na programu nyingine zote zinakuja kuchukua hapohapo. Hiyo ndiyo dainamiki. Sisi tuliiita ya kuazima.

Mzee Rwabu alikuwa mtu wa kuazima. Wakati ule diski zilikuwa ndogo, na intaneti tuliinunua kwa vipimo kama chumvi. "Kila programu ikibeba sufuria yake, jiko inajaa," alisema. "Weka sufuria moja kubwa, wote wapike hapo. Na ikitoboka, unaziba moja, si kumi." Alikuwa na haki. Maktaba ya pamoja ikiwa na kosa, unalirekebisha mara moja na programu zote zinapona siku hiyohiyo.

Mimi ninayefungua mpaka betri mpya nione ndani, neno hilo nililipokea bila kulifungua. Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu ndivyo tulivyoishi Nakivale. Katika mstari wetu wa nyumba kulikuwa na kinu kimoja, ngazi moja na msumeno mmoja, na msumeno ulilala kwa jirani ambaye hata lugha yake sikuijua. Mtu aliyenunua ngazi yake mwenyewe tulimtazama vibaya, tukajiuliza anawaficha nini wenzake. Kuazima kwetu kulikuwa ni adabu. Basi nikaunganisha kila kitu kwa kuazima, miaka na miaka, na ninyi nikawafundisha vilevile.

Nije Juru, upande wa wakulima wa kambi ileile ya Nakivale. Ofisi moja iliyokuwa inagawa chakula ilitupa kazi ya kutengeneza programu ya kuhakiki vidole. Mtu anakuja na kadi yake, anaweka kidole kwenye kioo kidogo, programu inalinganisha alama na zile zilizochukuliwa siku ya kuandikishwa. Ikikubali, taa ya kijani. Ikikataa, nyekundu. Aliyekataliwa mara ya kwanza na ya pili alipata chakula kwa saini za majirani wawili. Mara ya tatu kadi inashikwa na mwenyewe anaitwa mbele ya kamati aeleze kadi ya mtu mwingine ameipata wapi. Akishindwa kueleza, jina linafutwa, lake na la watoto wake wote.

Mwendeshaji wetu Juru alikuwa Dieudonné, Mrundi mpole, Mkatoliki wa kusali rozari akisubiri kompyuta iwake. Alikuwa na daftari, na kila siku ya mgao aliandika humo nani amekubaliwa, nani amekataliwa, mvua imenyesha au haikunyesha, na nani amekuja kumtembelea. Mimi mtu anayeandika sana namshuku. Nilijiuliza anamwandikia nani.

Miaka miwili programu ilikwenda bila shida. Halafu mwezi mmoja ikaanza kukataa watu. Si wengi, kumi na kitu, na wote wa Juru. Kwenye kituo cha Base Camp, makao makuu ya kambi, ambapo wafanyabiashara wa mtaa wa Misiera walihakikiwa, hakukataliwa mtu. Afisa wa ofisi ile akanipigia simu akasema amekwisha kuelewa: wakulima wa Juru wanauziana kadi. Alichotaka kwangu ni kuthibitisha kwamba programu ni nzima.

Nikaenda. Kati ya waliokataliwa alikuwa Mama Faida, mjane wa kutoka upande wa Fizi kule Kongo, mwenye watoto wanne na shamba la maharage. Alikuwa amesimama pembeni ya meza akiwa bado ameshika kidole chake kwa mkono wa pili, kana kwamba kimeungua.

"Papa," akaniambia, "hii kidole ni yangu. Niko nalima nayo. Sasa mashini inasema mi ni nani?"

"Inasema haikuoni muzuri, mama."

"Miaka mbili ilikuwa inaniona."

Nikamshika mkono nikakitazama kidole. Udongo ulikuwa umeingia kwenye mistari ya ngozi, kama kwa mkulima yeyote. Nikamjibu neno ambalo ningetoa kitu kikubwa leo nilirudishe. Nilimwambia, "Kidole kiko na uchafu. Enda ukisugue, kisugue muzuri kila siku, mwezi ujao kitakubaliwa." Akasema sawa. Nilipogeuka nilikuwa namshuku hata yeye, maana aliitika haraka mno.

Kisha nikafanya uchunguzi wangu, na nauandika hapa kwa aibu. Niliangalia faili ya programu: ukubwa uleule, tarehe ileile niliyoiweka mwenyewe. Nikaifananisha herufi kwa herufi na nakala yangu ya Mbarara. Hakuna kilichobadilika hata kidogo. Nikamwandikia afisa kwamba programu haijaguswa. Kila neno katika barua ile lilikuwa kweli, na barua ile ndiyo iliyowageuza watu kumi na kitu wa Juru kuwa wezi.

Mwezi uliofuata nikaenda tena, na Mama Faida akakataliwa mara ya pili. Safari hii niliondoka na picha ya kidole chake, nikarudi nayo Mbarara, nikaipitisha kwenye programu mezani kwangu. Kijani. Nikarudia. Kijani. Picha moja, programu moja, Mbarara inamkubali na Juru inamkataa. Mtu mwenye akili tulivu angejiuliza kompyuta ya Juru ina nini. Mimi nilijiuliza kompyuta ya Juru ina nani.

Nilimweleza Mzee Rwabu. Alikuwa ameshazeeka, anakuja saa mbili tu kwa siku kutukosoa. Akasikiliza, akasema, "Huyo kijana wa Burundi unamushika na nini?"

"Anaandika sana."

"Mtu anaandika, wewe unasema ni mwizi. Angekuwa haandiki, ungesema anaficha." Akainuka akatafute chai.

Sikumsikiliza. Nilimwambia afisa kwamba kama kuna mchezo, unachezwa mezani, na kwamba ingefaa Dieudonné asiketi pale mpaka nimalize. Wakamwondoa. Alikaa nyumbani wiki tatu, na mtu aliyeondolewa mezani Nakivale hahitaji kuambiwa majirani wanasema nini. Halafu kwa siku ya mgao wa tatu nikaomba arudishwe, si kwa huruma. Nilitaka kumkamata. Nilitoka Mbarara alfajiri bila kumwambia mtu, nikateremka kwenye basi pale Kabingo nikachukua boda, nikaingia Juru kabla ya foleni kupangwa. Nikavuta kiti nikakaa nyuma yake.

Dieudonné aliniona, akasema "Bonjour, chef," maana kwao mkubwa wa kazi ndiye chef, akawasha kompyuta. Mikono yake niliifuata kama mtu anayecheza karata na mgeni. Haikufanya lolote ila kazi yake. Walikuja walimu wawili, kijani. Akaja fundi cherehani, kijani. Akaja mzee mwenye jembe begani, nyekundu. Akaja muuza sabuni, kijani. Akina mama watatu waliokuwa wametoka shambani, nyekundu, nyekundu, kijani kwa shida. Kufikia hapo niliacha kutazama mikono ya Dieudonné nikaanza kutazama ya watu. Mikono laini ilipita. Mikono ya jembe ilikataliwa. Mwizi gani wa kadi anachagua wateja wake kwa ugumu wa viganja?

"Dieudonné," nikamwuliza, "hii ilianza lini kabisa?"

Akafungua daftari, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaweka kidole. "Mgao huu hapa ndiyo wa kwanza. Kabla yake, hakuna nyekundu."

"Kati ya mgao huu na ule wa nyuma yake, nani alikuja kwenye kompyuta?"

Alisita. Nilidhani anatafuta uongo.

"Ni wewe, chef. Ulikuja na programu ya walimu."

Nilikumbuka. Shule moja ilikuwa imenunua Kampala programu ya mahudhurio, walimu waweke kidole asubuhi, na mkuu wake akaniomba niiweke kwenye kompyuta hiyohiyo ya Juru, kwa kuwa kompyuta ya pili hawakuwa nayo. Niliiweka kwa nusu saa, nikanywa chai, nikaondoka. Sasa nikaandika ile amri fupi mnayoijua, inayoonyesha programu inaazima nini na inakiazima wapi. Programu yangu ya mgao ilikuwa inaazima maktaba ya kulinganisha vidole kutoka fasi yake ya siku zote, jina lake la siku zote. Lakini nilipoiangalia maktaba yenyewe, tarehe yake ilikuwa ya zamani kuliko programu inayoitegemea. Programu ya walimu ilikuja na maktaba yake, toleo la kale la maktaba ileile, ikaiweka juu ya yetu. Jina moja, milango ileile ya kuingilia, kwa hiyo programu yangu iliwaka bila kulalamika. Ila toleo la kale liliipunguza picha kabla ya kulinganisha, na mistari iliyochakaa kwa jembe ikapotea. Kwa mwalimu anayeshika chaki ilitosha kabisa.

Programu haikuwa imeguswa. Nilikuwa nimeapa hivyo, na nilikuwa sahihi. Kilichoguswa ni kile ilichokuwa inaazima, na aliyekigusa ni mimi.

Niliona haya. Nilimwambia Dieudonné palepale, mbele ya foleni, kwamba kosa ni langu na kwamba nilimshuku bure. Akasema, "Bon," yaani haya, akaendelea kukunjua waya wa kifaa chake. Sijui kama huko kulikuwa kusamehe.

Nilikuwa na kompyuta yangu na maktaba sahihi. Niliijenga programu upya chini ya kile kibanda, safari hii kwa kubeba, maktaba ikashonewa ndani. Faili ikanenepa mara kadhaa, na sikujali. Nikaiweka, foleni ikaanza tena. Yule mzee wa jembe, kijani. Akina mama wale, kijani wote. Watu wakaanza kucheka na kusukumana, na mimi nikawa naanza kupumua, mpaka Mama Faida akafika.

Nyekundu.

Nikamwambia arudie. Nyekundu. Nikamshika mkono nikakigeuza kidole kwenye mwanga, na kilikuwa kinang'aa kama kijiko. Mistari haikuwepo.

"Mama, umefanya nini hii kidole?"

"Vile ulisema. Nilisugua. Na muchanga, na majivu, kisha na jiwe. Kila siku, Papa. Hata damu ilitoka, sikuacha. Vidole vyote, juu sikujua mashini itachagua gani."

Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu. Kwa sheria yao kadi ilishikwa saa hiyohiyo. Kwenye orodha ya waliokataliwa akabaki yeye peke yake, na mtu aliyebaki peke yake anaonekana mwizi kuliko kumi. Afisa aliniambia kwenye simu, kwa furaha ya mtu aliyethibitishiwa, "Basi angalau tumepata mmoja." Nilimweleza. Akasema niandike kwamba kulikuwa na hitilafu ya mtambo, yatosha. Nikakataa, kwa sababu mtambo hauitwi mbele ya kamati. Niliandika jina langu, siku niliyoweka programu ya walimu, maneno niliyomwambia mama yule kuhusu kusugua, na kwamba barua yangu ya kwanza isisomwe tena kama ushahidi dhidi ya mtu yeyote. Barua hiyo iliniletea mambo yake kazini, lakini hayo ni habari za vyeo, niliahidi kuyaruka.

Siku ya kamati nilikwenda. Waliuliza nani anamjua mwanamke huyu. Wakasimama majirani, Wakongomani na Warundi, wakasema ni yeye, walikuja naye, walizika naye mume wake. Kamati ikaamua apate chakula kwa saini mpaka ngozi irudi, na muuguzi akasema itarudi mkono ukipumzishwa. Maharage yalikuwa yamekauka shambani. Majirani waliyang'oa kwa zamu, na Jumamosi mbili na mimi niliyang'oa, vibaya, wakinicheka.

Hapa mtanitaka niseme basi, tubebe siku zote. Sisemi. Mwaka uliofuata kukapatikana kosa ndani ya maktaba ileile, na kwa kuwa kila kituo kilikuwa kimebeba yake, nilizunguka kituo baada ya kituo kwa boda kuzijenga na kuziweka upya, nikimkumbuka Mzee Rwabu kwenye kila shimo la barabara. Ya kuazima unaiponya mara moja na inaharibika mara moja. Ya kubeba haiguswi na jirani, na haiponywi na jirani. Chagueni kwa kila kazi, mkijua mnashuku nini. Mimi nilishuku watu kumi na kitu na foleni nzima, na faili moja yenye jina ninalolijua sikuishuku.

Mgao wa nne baada ya kamati, Mama Faida alikuja. Nilikuwa nimekuja makusudi, nimesimama karibu na Dieudonné. Mama akaweka kidole, na tukangoja wote. Kijani. Jina lake likatoka, na watoto wanne chini yake. Foleni ilisema "eeeh" kwa pamoja. Nikangoja aondoke akachukue chakula, lakini hakuondoka.

"Sasa weye, Papa. Weka yako."

"Mama, mi niko mutu wa kazi."

"Najua. Njo maana nasema uweke."

Hakuna aliyecheka. Dieudonné alikigeuza kifaa taratibu kikanielekea. Nikafuta kidole kwenye suruali, nikakiweka, na ile programu niliyoijua mstari kwa mstari nikaiogopa wakati inafikiri. Ikawaka kijani. Jina langu likatoka, kadi yangu ya ukimbizi ya tangu nilipoandikishwa Nakivale, watu watano wa nyumbani kwangu. Mama Faida hakujua kusoma. Aliitazama taa, akanitazama mimi, halafu akamgeukia Dieudonné.

"Mashini inasema ni yeye. Weye, unamujua uyu mutu?"

Dieudonné alifungua daftari, akaandika jina langu kwa waliokubaliwa, ndipo akamjibu: "Namujua, mama."